Kiguu na Njia na Kijiji Kisichotakiwa Kuguswa

Niseme mapema tusije tukalaumiana: mwanamke huyu amenizeesha. Nilikuwa na mvi chache tu za heshima pale mbele, sasa zimefika kisogoni, na nusu yake ni kazi ya Kiguu.

Kiguu ni muuguzi wa zahanati. Jina lake la utani kwa urefu ni Kiguu na Njia, walimpa wagonjwa wenyewe kwa sababu hatulii mahali pamoja. Zahanati yake ina vyumba vitatu na baraza: chumba cha sindano, chumba cha kujifungulia chenye vitanda viwili, na stoo ambayo mlango wake haufungiki mpaka uusukume kwa nyonga. Ana miaka kumi na mmoja pale. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu, akionekana nyumbani mara moja kwa mwezi ni sherehe, kwa hiyo nyumbani anaishi na mama mkwe wake na mabinti wawili. Marehemu baba yake alikuwa fundi cherehani na alitaka binti arithi kazi, lakini wapi! Huyu na kiti hawajawahi kupatana. Alipomaliza shule akaenda kusomea uuguzi, na mzee akabaki anawalalamikia wateja.

Mimi nafundisha chuo cha afya, mwaka wa ishirini na sita huu. Tena nina kazi ya pili, ya ulezi wa watafiti wachanga. Upo mfuko unaowafadhili wahudumu wa afya wa vijijini ambao hawajawahi kufanya utafiti maishani mwao. Wanapewa ufadhili wa mwaka mmoja, na kila mmoja anapewa mlezi wa kumshika mkono. Mlezi ndiye mimi. Msidhani uchanga ni wa umri, Kiguu ana miaka thelathini na tisa. Uchanga ni kwamba hajui kwamba hajui, na hapo ndipo mlezi anapoanza kunywa dawa za kichwa.

Andiko lake la kwanza liliniletea karaha. Kurasa mbili zilizochanwa kwenye daftari, na swali la utafiti limeandikwa hivi: “Kwa nini watoto wetu wanakufa wiki za mwanzo na sisi tumekaa zahanati tunasubiri waletwe?” Nikamrudishia. Nikamwambia hayo ni malalamiko, mama, swali la utafiti ni kitu kingine. Akaandika upya. Nikamrudishia. Mara tano! Mara ya sita likawa andiko la maana kabisa, na kamati ya mfuko ikalipitisha, nami nikajipongeza kimoyomoyo. Ningejua, ningebaki na yale malalamiko.

Utafiti wenyewe mtoto wa darasa la saba anauelewa. Tulichukua vijiji viwili vinavyolingana, cha Juu na cha Bondeni. Kila mama aliyejifungua kule Juu, Kiguu atamfuata nyumbani siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, amwangalie mtoto kitovu, joto, macho, kunyonya. Wa Bondeni wataendelea kama zamani, yaani mtoto akiugua aletwe zahanati. Kule Kiguu angepita mara moja tu mwezi ukitimia, ajaze dodoso, aondoke. Baada ya miezi kumi tunahesabu watoto walioumwa vibaya au kufariki ndani ya mwezi wa kwanza, huku na huku, na tunaona kama ziara zinasaidia.

“Mwalimu,” aliniuliza siku ile, “na wa Bondeni?”

“Wa Bondeni wanabaki kama walivyo.”

“Na mtoto akiugua?”

“Si ataletwa zahanati, kama siku zote.”

“Hawaletwi. Ndiyo maana niliandika.”

“Na ndiyo maana tunapima! Usipokuwa na wa kulinganisha nao, utajuaje kama ni wewe uliyesaidia au ni bahati tu ya mwaka? Kijiji cha Bondeni usikiguse. Umenisikia?”

Akasema amesikia, kisha akanyamaza. Ningekuwa nimemzoea, ule unyamavu wake ungenikosesha usingizi.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mganga mkuu wa wilaya alikuwa ametuita ofisini kwake akatupa maneno yake wazi. “Nileteeni namba. Zikionyesha faida, naweka muuguzi wa kutembelea nyumba katika vijiji vyote arobaini. Zisipoonyesha, hata huko Juu ziara zikome, sina watu wa kuchezea.” Kwa hiyo ilikuwa ama vijiji arobaini ama hakuna hata kimoja. Tulitoka pale Kiguu anatembea mbele yangu mbio, mimi nyuma nahema, anasema, “Arobaini, mwalimu! Arobaini!”

Basi miezi ikaenda, na mimi nikawa nakula moyo tu. Dodoso zake zilinitoa jasho. Mahali palipoandikwa “hali ya kitovu”, pa kuweka alama tu, safi au si safi, yeye anaandika: “Safi, ila bibi yake alitaka kukipaka dawa ya meno, tumegombana, tumepatana.” Jamani, kompyuta inaelewa vipi kupatana? Nikimpigia simu hapatikani, kwa sababu mtandao pale kwao uko juu ya jiwe moja nyuma ya choo cha zahanati. Siku nikimpata anapiga kelele, “Niko juu ya jiwe, mwalimu, sema haraka, kuna mtu anataka kupita!” Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kitaalamu.

Mwezi wa kumi ukaisha. Nikaketi ofisini kwangu asubuhi, mlango nimefunga, nikaanza kujumlisha. Katika miezi kumi kama hiyo ya mwaka uliotangulia, kabla hatujaanza, rejesta ya zahanati ilikuwa na watoto kumi na tisa wa Juu walioumwa vibaya au kufariki, na ishirini na mmoja wa Bondeni. Sasa Juu walikuwa watano. Nikapiga meza kwa furaha. Nikageukia Bondeni.

Wanne.

Nikahesabu tena. Wanne. Kijiji ambacho hatukukigusa kimekishinda tulichokigusa! Nikashika kichwa. Kwa jedwali lile, yeyote angesema ziara za Kiguu ni kutwanga maji kwenye kinu, na mganga mkuu angezifuta siku hiyohiyo. Na kikao cha kamati kilikuwa baada ya wiki tatu, naye mganga mkuu amealikwa.

Nikafunga safari kwenda kukagua rejesta kwa macho yangu. Nilifika saa nne, Kiguu yuko chumba cha kujifungulia na mzazi, haingiliki. Nikaenda kumsubiri nyumbani kwake, hatua chache tu. Mama mkwe wake alikuwa uani anachambua maharage, bibi mmoja mwembamba mwenye ulimi mkali. Hata kiti sijakikalia vizuri, akaanza.

“Kumbe wewe ndiye mwalimu! Nimekungoja siku nyingi. Mkamwana wangu mmemfanya nini?”

“Kwani vipi, mama?”

“Vipi nini? Wiki nzima mnamtumikisha, sawa. Hata Jumapili? Mtu anatoka asubuhi, anarudi jioni miguu imevimba, watoto hawamwoni. Nikimwuliza anasema alikuwa Bondeni. Bondeni, Bondeni, kila Jumapili Bondeni! Huko kuna nini? Ningekuwa simjui ningesema ana bwana.”

Nikamwuliza ni tangu lini. Akahesabu kwa vidole, maharage yakimdondoka. Miezi minane.

Sikumbuki niliagaje. Nilirudi zahanati nusu nakimbia, mimi na magoti yangu haya. Kiguu alikuwa stoo anaosha vyombo vyake vya kazi. Nikausukuma mlango kwa nyonga ukafungika.

“Jumapili unakwenda Bondeni?”

Hakujitia hamnazo hata kidogo. “Ndiyo.”

“Kufanya nini?”

“Kuwaona watoto.”

“Ebo! Si nilikwambia usikiguse kile kijiji?”

“Siku za kazi sikukigusa, mwalimu. Sikwenda na fomu hata moja. Jumapili si siku ya kazi.”

Nawaapia, alisema hivyo akiwa amenikazia macho, bila ujanja wowote. Kichwani mwake, utafiti ni Jumatatu mpaka Jumamosi. Siku iliyobaki ni yake, na akiamua kumpitia jirani mwenye mtoto mchanga, mfuko na kamati wanahusika nini? Na hakuandika popote, maana haikuwa kazi. Nimefundisha miaka yote hii, nimeona watu wakibuni takwimu, wakipoteza dodoso, mmoja zake zililiwa na mbuzi. Sijawahi kuona mtu anayeharibu utafiti kwa kutumia siku yake ya mapumziko.

“Hebu nieleze,” nikamwambia. “Ilianzaje?”

“Mwezi wa pili. Nilipita Bondeni kujaza dodoso, nikaitwa nyumba ya pili yake. Mtoto ana siku nne, kitovu kinanuka.”

“Mtoto mgonjwa unampa rufaa aje zahanati. Liko kwenye utaratibu, tuliandika pamoja!”

“Nikampa rufaa. Nikaondoka. Nikafika mpaka darajani.”

“Halafu?”

“Halafu nikarudi nikambeba mwenyewe, maana nilijua hawamleti. Jumapili yake nikapita kumjulia hali. Jirani naye kajifungua, akaniita. Na jirani wa jirani akasikia. Ningefanyaje, mwalimu? Nipite mlangoni nimeangalia pembeni?”

Hapo nikampa vidonge vyake. Nilisema yote, sikumbakizia. Nikamwambia ameniaibisha, ameiaibisha kamati, na kwamba jedwali lake sasa linasema ziara hazina faida. “Unajua maana yake? Mganga mkuu atazifuta. Hao wa Bondeni uliowahurumia ndio watakaovikosesha vijiji vingine thelathini na nane. Na Juu watakosa. Na Bondeni wenyewe watakosa, labda uwatembelee Jumapili mpaka ufe!”

Nadhani hilo hakuwa ameliwazia. Kiguu alitafuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Sikuwahi kumwona amekaa.

“Kwa hiyo nimewadhuru kwa kuwasaidia?”

“Ndiyo,” nikasema. Nilikuwa na hasira, na ilikuwa kweli.

Akalia kidogo, kimyakimya, akifuta machozi kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na povu. Kisha akaanza kuwataja. Mama wa nyumba ya bati jekundu, mtoto wa kiume, alikuwa na joto. Mke wa seremala, mapacha, mmoja alikuwa hanyonyi. Binti wa mwalimu mkuu, mtoto macho ya njano. Alitaja mpaka nikachoka kuhesabu, kila mmoja na siku yake, yote yako kichwani. Nikamwambia aache. Kitu ambacho hakikuandikwa siku ya tukio, mbele ya kamati ni hadithi.

Tulikuwa na wiki tatu na njia mbili, zote mbaya. Tukinyamaza, namba zitaonekana halali na ziara zitafutwa. Tukisema, utafiti umekufa, na jina langu limechafuka nalo, maana mlezi nilikuwa mimi na sikujua mwanafunzi wangu yuko wapi siku moja katika kila saba. Nilitamani kunyamaza. Siwezi kuwaficha. Nililala na wazo hilo siku mbili, nikaamka nalo, nikajiona nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka. Siku ya tatu Kiguu akapiga simu kutoka juu ya jiwe. “Mwalimu, mimi nitasema. Wewe usipotaka kuwepo, usije.” Mwone huyo! Sasa ananipa ruhusa! Nikamwambia tutakwenda wote, na avae viatu vya maana.

Kamati ilikaa katika ukumbi mdogo wenye meza ndefu na feni inayolalamika. Mwenyekiti ni bwana mtaratibu, hapandishi sauti, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi. Kiguu akasimama, akasema yote kwa dakika tano. Hakutia chumvi, hakujitetea. Mganga mkuu wa wilaya akaweka kalamu chini.

“Kwa hiyo namba hizi hazina maana,” mwenyekiti akasema.

“Hazina,” nikajibu kabla ya Kiguu. “Vijiji vyote viwili vimetembelewa. Hatuna wa kulinganisha naye.”

“Kutoka ishirini na mmoja mpaka wanne,” mganga mkuu akanung'unika, “mtu angesema kuna kitu.”

“Mtu angesema,” mwenyekiti akamjibu. “Sisi hatusemi hivyo.”

Wakatutoa nje. Tulisubiri koridoni kwenye benchi saa nzima. Kiguu alitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka dirishani, mpaka nikamwambia ananizungusha kichwa. Walipotuita tena, uamuzi ulikuwa umeandikwa. Utafiti ule haukubaliki. Lakini kwa sababu umesemwa ukweli, mfuko utafadhili mwingine kwa mwaka mmoja, na mganga mkuu atasubiri matokeo yake kabla ya kuamua juu ya vile arobaini. Safari hii vijiji sita vipya, na hakuna kijiji kitakachoachwa kabisa. Vitaingia kwa zamu, kimoja kila miezi miwili, na kila kinachosubiri ndicho kipimo cha kilichoingia. Zamu ipangwe kwa kura. Wanakijiji waelezwe mapema, na mlezi mwenyewe ndiye awaeleze. Na Kiguu atie sahihi kwamba hatakanyaga nyumba ya mzazi katika kijiji ambacho zamu yake haijafika, iwe siku ya kazi au siku ya mapumziko. Akivunja, yote basi, na vile arobaini vimekwenda na maji.

Alisoma ile karatasi mara mbili. Nilidhani atagoma, na nilishajiandaa kumfokea tena. Akainama, akatia sahihi, kalamu ikichana karatasi.

Kura tulipiga ofisini kwangu wiki iliyofuata. Nilikata vikaratasi sita, nikavikunja, nikavitia kwenye bakuli la plastiki. Nikamsogezea Kiguu. Akaficha mikono mgongoni.

“Chukua wewe, mwalimu. Mimi siwezi.”

“Ni karatasi tu.”

“Basi kama ni karatasi tu, chukua.”

Nikachukua. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, kazi ilikwenda vizuri, naandika kwenye orodha. Kikaratasi cha mwisho kilikuwa cha kijiji cha Matanurini, pale wanapochoma matofali. Kiguu akatazama dirishani. Akasema pale kuna wajawazito kumi na wanne anaowafahamu. Hakusema kwa kunilaumu. Nikaandika Matanurini kwenye mstari wa sita, na nikagundua nimekasirika sana na hakuna mtu wa kumkasirikia.

Nilikwenda kuwaeleza. Ilikuwa mchana, katika darasa la shule, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, mikono na nguo zao zina vumbi jekundu la udongo. Kiguu alisimama nyuma, karibu na mlango. Nilisema yote vizuri, nina uzoefu wa kusema. Nikawaeleza faida ya zamu, nikawaeleza kura, nikawaeleza kwamba muuguzi ataanza kufika majumbani kwao baada ya miezi kumi. Mwenyekiti wa kijiji akanishukuru na akauliza kama kuna maswali.

Mwanamke mmoja akanyoosha mkono, akasimama kwa taabu, tumbo limeshuka. Hakuwa hata na miaka ishirini na tano.

“Daktari, nimeelewa. Zamu yetu ni baada ya miezi kumi. Mimi nimebakiza wiki tatu. Sasa nijifungue lini?”

Darasa zima likacheka. Jirani yake alimpiga bega kwa kicheko. Yeye hakucheka, alikuwa ananingoja nijibu.

Nikamwambia zahanati iko wazi kila siku, akiona mtoto ana joto au hanyonyi, asisubiri, amlete upesi.

“Wa kwanza nilimleta upesi,” akasema. “Nilifika naye mwili umeshapoa.”

Hapo kicheko kikakatika. Nilimtazama Kiguu. Alikuwa ameshika kizingiti cha mlango, ananitazama, na sikuona lawama wala msaada usoni kwake. Karatasi yenye sahihi yake ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ningeweza kusema lolote. Vijiji arobaini, nikajiambia. Arobaini.

“Zamu ni zamu, mwanangu,” nikasema. “Pole.”

Akaitikia kwa kichwa. Akasema ahsante, maana wengine wakija na mambo yao huwa hawasemi kitu, mimi angalau nimekuja mwenyewe kuwaambia. Kisha akaketi taratibu, ameshika dawati kwa mikono miwili.